Baba hunikabidhi simu yake niisafishe. Je, nimtoe kwenye makundi bila kumwambia?

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo nimeona nami nikuandikie, maana jambo hili siwezi kulizungumza na mtu wa nyumbani bila kuonekana nimechukua upande.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Tulipokuwa wadogo, saa ya taarifa ya habari hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Redio ikishazimwa, anamuuliza kila mmoja amesikia nini. Ukijibu, "Wamesema mafuta yatapanda bei," anakuuliza, "Wamesema akina nani?" Usipoweza kumtaja aliyesema, basi hukusikiliza. Leo nina watoto wangu mwenyewe, na swali hilo bado linanijia kila nisikiapo habari.

Alipostaafu, mimi ndiye niliyemnunulia simu janja. Nilitaka aongee na wajukuu kwa video na asome magazeti bila kuhangaika. Nilimfundisha kila kitu, hadi namna ya kushikilia kitufe cha kurekodi sauti asikiachie kabla hajamaliza kusema. Alifurahi sana. Akaingizwa kwenye kundi la walimu wastaafu, baadaye kundi jingine la "wazalendo" ambalo hata sijui nani alimwingiza, lina mamia ya watu asiowajua. Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Siku hizi tunaamka na kukuta kundi letu la familia limeshajaa. Video ya mtu asiyeonyesha uso, anaeleza kwamba laini zote za simu zitafungwa usiku wa manane. Picha ya tangazo lenye nembo ya serikali, na ndani yake makosa ya tahajia ambayo Baba wa zamani angeyazungushia wino mwekundu. Sauti ya mtu "wa ndani kabisa". Karibu zote zina ile mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Chini yake Baba anaongeza neno lake: "Someni, msilale." Nyingine nimezifuatilia nikakuta ni video za nchi nyingine kabisa, za miaka ya nyuma. Nikimweleza kwa faragha, taratibu, ananijibu, "Sawa mama, nimekusikia." Kesho yake inakuja nyingine.

Mambo yaliharibika baada ya uchaguzi. Baba alituma sauti inayodaiwa kuwa ya kigogo mmoja akiagiza matokeo yabadilishwe, na humo inasemwa kwamba makarani wa vituo wote walishalipwa. Sasa dada yetu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa karani wa kituo katika uchaguzi huo huo. Alikesha kituoni. Naye yumo kwenye kundi la familia. Akauliza, "Baba mkubwa, na mimi nililipwa?" Baba hakujibu. Mdogo wangu wa kiume akaandika mbele ya watu wote, wakwe wakiwemo: "Baba, acha kusambaza uongo, unatuaibisha." Dada akatoka kwenye kundi, na simu zangu hapokei. Baba na mdogo wangu hawasemeshani. Mama ananiambia niichukue simu yangu niliyoileta, nimrudishie Baba ile ya vitufe.

Kuna jambo jingine linalonivuruga kichwa. Wiki chache kabla ya kura, Baba alisambaza ujumbe kwamba siku hiyo intaneti itazimwa. Sote tukamwambia huo ni uzushi. Siku ilipofika, intaneti ikakatika kweli. Tangu hapo, kila nikimwambia jambo fulani halina ukweli, ananitazama na kusema, "Hata la intaneti mlisema hivyo hivyo."

Sasa swali langu. Simu yake ikijaa na kuanza kuganda, Baba huniletea mimi. Ananipa na nenosiri, kisha anakwenda zake kupumzika. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni mambo ya kompyuta, anataka nitumie nafasi hiyo: nimtoe kwenye yale makundi mawili, nizifungie namba zinazomtumia hizo sauti, halafu nimwambie simu ilikuwa na virusi. "Hatajua," anasema, "na atapumzika." Mwisho wa juma hili Baba analeta simu. Nikimwachia tu, naogopa siku moja atatuingiza matatani, maana nasikia watu hukamatwa kwa ujumbe wa aina hii. Nikifanya anavyotaka mdogo wangu, nitakuwa nimemdanganya mzee aliyenifundisha kuuliza "akina nani". Nifanyeje?

Binti Mwenye Nenosiri

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Pole sana. Ninachokisoma katika barua yako ni huzuni ya mtoto anayemwona baba aliyemfundisha kutilia shaka akipokea kila kinachomfikia bila kuuliza. Huzuni hiyo ni ya kweli, na haitaondoka hata kama makundi yote mawili yangefutika leo. Juu yake umebebeshwa madai ya watu watatu: mdogo wako anataka utende kwa siri, mama anataka unyang'anye, na Baba mwenyewe anakuamini. Si ajabu umeshindwa kuchagua.

Nianze na hilo neno la mdogo wako, "hatajua", kwa sababu mpango wote umeegemea hapo. Yeye ni mtu wa kompyuta, lakini naomba mlitazame upya. Tangu 2022 mtu akitoka kwenye kundi la WhatsApp, wanachama wote hawatangaziwi, ila wasimamizi wa kundi wanaarifiwa. Na orodha ya waliotoka huonekana kwa siku 60 kwa anayetaka kuitazama. Katika lile kundi la mamia ya watu huenda hakuna atakayejali. Lakini katika kundi la walimu wastaafu kuna watu aliofanya nao kazi miaka mingi. Mmoja atampigia simu: "Mwalimu, mbona umetukimbia?" Hapo atajibu nini? Kisha atakutazama wewe, kwa sababu nenosiri lake unalijua wewe.

Halafu kuna hiyo habari ya virusi. Ninakuomba uitafakari kwa utulivu. Wewe unahangaika kwa sababu Baba anapokea mambo yasiyo ya kweli na kuyaamini. Ukimwambia simu ilikuwa na virusi, atakuwa amepokea jambo jingine lisilo la kweli, na safari hii limetoka kwa mtu ambaye bado anamwamini kiasi cha kumwachia simu yake na kwenda kupumzika. Katika barua yako yote sijaona mwingine ambaye Baba anamwamini hivyo. Kama siku moja atatakiwa kuamini sauti moja dhidi ya kelele za kundi zima, nadhani itakuwa sauti yako. Kwa hiyo jiulize thamani yake ni kiasi gani kabla hujaitumia kwa jambo hili.

Sisemi kwamba mtoto hana ruhusa ya kugusa simu ya mzazi wake kamwe. Zipo hali ambazo ningekuandikia kwa lugha nyingine: kama kuna watu wanamwomba Baba namba yake ya siri au fedha, au kama ameanza kusahau mambo na kuchanganya siku na majina. Hapo kinga inaweza kutangulia maelezo. Wewe hujaniandikia dalili hizo. Umeniandikia mzee mwenye akili timamu anayesambaza habari usizozikubali. Kama kuna zaidi ya hayo, uzito wa mizani unabadilika, na wewe uliye karibu naye ndiye unayeweza kujua.

Sasa nakuja kwenye jambo la intaneti, kwa sababu hapo naona mmepita haraka. Baba alisema itazimwa, mkamwambia ni uzushi, ikazimwa. Baada ya hapo, kuna yeyote kati yenu aliyekwenda kumwambia, "Baba, kwa hili ulikuwa sahihi"? Hukuandika. Nadhani sentensi yake ile, "Hata la intaneti mlisema hivyo hivyo," si ujeuri. Anawadai.

Na kusema kweli alikuwa na sababu ya kuamini. Uganda ilikata intaneti usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 2021, na si nchi pekee iliyofanya hivyo. Mtu aliyekuwa akifuatilia alikuwa na haki ya kuhofia. Mahali ambapo jambo kubwa kama hilo hutokea bila wananchi kuelezwa mapema na bila maelezo ya kutosha baadaye, uvumi hupata heshima ya gazeti. Baba alizoea redio iliyokuwa na saa yake na mtangazaji mwenye jina. Kisha akaona jambo limetokea ambalo simu ilimwambia na redio haikumwambia. Mwanangu, mimi nisingemcheka. Hata ninyi vijana, mkiulizwa mlijuaje kwamba habari ya intaneti ilikuwa uzushi, mtajibu nini? Mlifuatilia, au iliwaonekea uzushi kwa sababu ilikuwa na mishale miwili na ililetwa na Baba?

Lakini kukiri hilo kunakufungulia mlango, kwa sababu ujumbe wa intaneti na ile sauti ya makarani havifanani. Ule wa kwanza ulihusu jambo lenye siku yake, ambalo siku ikifika kila mtu angejionea. Hii ya pili inawatuhumu makarani wote kwa mpigo, bila jina, bila kituo, bila mlipaji anayetajwa. Swali lake mwenyewe la "wamesema akina nani?" linaugonga ujumbe wa pili kwa nguvu kuliko ule wa kwanza. Mtu akimpa haki yake kwenye la kwanza, huenda akawa tayari kulitazama la pili. Nasema huenda.

Kuhusu wazee na simu, kuna utafiti unaotajwa sana, uliochapishwa 2019 na watafiti wa Marekani. Walitazama watu walichosambaza Facebook wakati wa uchaguzi wa nchi yao wa 2016, wakakuta wenye umri wa zaidi ya miaka 65 walisambaza makala za tovuti za habari za uongo karibu mara saba ya vijana wa kundi la umri mdogo zaidi. Watu wengi huishia hapo. Sehemu isiyotajwa ni kwamba hata miongoni mwa wazee hao, karibu tisa katika kila kumi hawakusambaza hata makala moja ya aina hiyo. Kwa hiyo uzee peke yake hauelezi jambo la Baba. Utafiti mwingine wa 2018, uliofuatilia habari zipatazo 126,000 kwenye Twitter, ulionyesha kwamba za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 70, wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na wasambazaji walikuwa watu halisi, si mashine. Za uongo zilikuwa na upya ndani yake, zikawashtua watu. Mtu anayejiona mlinzi wa familia yake akishtuka, anawaamsha wengine. "Someni, msilale." Hayo ni maneno ya mtu anayehofia watu wake.

Kisha kuna sauti zenyewe. Tangu 1977 watafiti wameonyesha kwamba jambo lililorudiwarudiwa huonekana la kweli zaidi kwa sababu tu limezoeleka masikioni. Baba analisikia kwenye kundi la walimu, analikuta kwa wazalendo, kisha mtu wa tatu analileta peke yake. Kwake hao ni mashahidi watatu, kumbe ni faili moja. Na siku hizi hata sikio zuri halitoshi. Nchini Slovakia, siku mbili tu kabla ya uchaguzi wa Septemba 2023, ilisambazwa sauti ya kiongozi wa chama kimoja ikisikika akipanga na mwandishi wa habari namna ya kuiba kura. Wote wawili walisema ni ya kughushi, na wachunguzi wa habari wakaona dalili kwamba ilitengenezwa kwa akili mnemba. Nakueleza haya kwa sababu unaweza kumsimulia Baba kisa hicho kama habari, bila kumwambia "na wewe umedanganywa". Ni mwalimu. Kisa cha nchi ya mbali anaweza kukipima kwa utulivu ambao kisa chake mwenyewe hakimruhusu.

Nakuuliza jambo jingine, ulijibu moyoni mwako. Baba akituma "Someni, msilale" kwenye kundi la familia, nani humjibu? Na kwenye kundi la walimu, nani humjibu? Mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote ya kazi, kisha akastaafu, anaweza kupata kwenye kundi la watu asiowajua kitu ambacho nyumbani kimekwisha: watu wanaosubiri aseme. Ukiyaondoa makundi, nafasi ile inabaki wazi. Sijui itajazwa na nini. Labda itajazwa na nyie mkimpigia na kumuuliza maoni yake kuhusu mambo ya nchi, na kumsikiliza hadi mwisho hata pale msipokubaliana naye. Labda itajazwa na kundi jingine baya zaidi, maana kurudishwa kundini kwa kiungo ni kazi ya dakika moja.

Sasa nikupitishe kwenye njia ninazoziona, na mitego yake.

Simu ikiletwa mwisho wa juma, unaweza kuisafisha yeye akiwa amekaa pembeni yako. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Pale programu yenyewe huweka pamoja mafaili makubwa ya zaidi ya MB 5, na kando yake mafaili yaliyosambazwa mara nyingi. Fungua hilo la pili mbele yake. Usiseme neno. Atayaona mwenyewe yalivyopangana, video kwa video, jinsi yalivyokula nafasi ya picha za wajukuu. Muulize, "Baba, hii tuiache au tuifute?" na uende kwa mwendo wake. Mkimaliza, mwombe ruhusa uzime upakuaji wa moja kwa moja, ili video isiingie mpaka yeye aiguse. Hapo hakuna kundi alilotolewa, ila kati ya kupokea na kutuma kumewekwa hatua moja ambayo ni ya uamuzi wake. Mtego ni kwamba anaweza kuchoka, au akaona mtoto anamfundisha mwalimu kazi, akakuambia, "Acha zote kama zilivyo." Ikiwa hivyo utaziacha, na simu itaendelea kuganda. Je, uko tayari kwa hilo?

Njia nyingine ni ya maswali. Watafiti kadhaa waliandika 2021 kwamba kumuuliza mtu tu kama kichwa kimoja cha habari ni cha kweli kulimfanya awe mwangalifu zaidi katika zile anazosambaza baadaye. Badala ya kumwambia "hii si kweli", ambayo umeijaribu akajibu "nimekusikia", unaweza kumuuliza kwa simu, si kwenye kundi: "Baba, hii ya leo asubuhi unaionaje wewe? Anayesema ni nani?" Usitegemee muujiza. Matokeo ya utafiti ule yalikuwa madogo, na kwa mtu aliyekwisha kuumizwa mbele ya wakwe yanaweza kuwa madogo zaidi. Faida ninayoiona ni kwamba unamrudishia swali lililokuwa lake.

Ya mama, kuichukua simu, sitaipita kwa haraka hivyo, maana naye anaishi na huo ugomvi ndani ya nyumba wakati ninyi mko makwenu. Muulize anachokosa ni nini. Pengine anataka chakula cha jioni kisicho na klipu. Hilo linaweza kuzungumzwa kati yake na mumewe bila kumnyang'anya mtu mzima simu yake, na bila wajukuu kukosa sura ya babu yao. Lakini kama amekwisha kuomba na hasikilizwi, basi ana haki ya kusikilizwa na nyinyi pia.

Umetaja hofu ya kukamatwa. Hukusema uko nchi gani, nami sitakuuliza, ila hofu hiyo ina msingi. Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na zote zilitungwa zikiwa na vifungu vinavyogusa kuchapisha taarifa za uongo. Kumweleza Baba hivyo ni kumpa taarifa ya kweli anayostahili kuijua. Angalia tu inavyosemwa. Ikitoka kama tishio, mzee aliyeona intaneti ikizimwa anaweza kusikia kwamba na wewe umeungana na wanaotaka anyamaze. Ataendelea kusambaza na ataacha kukuletea simu. Ikitoka kama hofu ya mtoto kwa baba yake, ambayo ndiyo niliyoisoma kwenye barua yako, atasikia kitu kingine.

Kuhusu mdogo wako, nina neno dogo. Alisema jambo ambalo huenda ni la kweli, mahali ambapo halikuweza kusikika. Baba yeyote akiambiwa "unatuaibisha" mbele ya wakwe, kinachobaki kichwani ni wakwe, hoja imeshapotea. Hata hivyo usimweke mdogo wako upande wa wakosaji peke yake. Alikuwa anamtetea dada yenu, na wengine wote mlinyamaza. Kama ataweza kwenda kwa Baba na kuomba radhi kwa mahali na namna, bila kukana alichokiamini, huenda wakasemeshana. Anaweza pia kukataa. Ila kabla ya mwisho wa juma mwambie wazi utafanya nini na simu, asije akakulaumu kwamba ulikubali kisha ukageuka.

Na wewe ukiwa msimamizi wa kundi la familia, kama ndiwe, unaweza kufuta ujumbe wa mtu kwa wote, au kuruhusu wasimamizi tu waandike. Uwezo huo upo. Mimi ningeuogopa, kwa sababu kila ujumbe unaoufuta huacha alama kwamba msimamizi ameufuta, na aibu inarudi palepale. Familia nyingine hufungua kundi la pili kwa ajili ya siasa na habari tu, anayetaka anaingia, lile la kwanza linabaki la misiba, harusi na watoto. Baba anaweza kuliona ni kutengwa. Anaweza pia kufurahi kupewa ukumbi wake. Ungemuuliza yeye kwanza, na hata kumwomba awe msimamizi, wazo lingekuwa na sura nyingine.

Nimemwacha dada yenu mwishoni, na naona hata katika barua yako amepita kwa haraka. Yeye ndiye aliyeumizwa. Wengine mnabishana kuhusu simu, yeye aliulizia heshima yake na hakujibiwa na mtu yeyote, si Baba tu. Kabla hujashughulika na makundi, endelea kumtafuta. Asipopokea, mwandikie, umwambie unajua alikesha na kwamba uliliona swali lake. Usimwombe arudi kundini.

Kama moyo wake utatulia, yeye anajua mambo ambayo hakuna sauti iliyosambazwa inayoyajua. Katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, kura huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo hubandikwa pale pale. Dada yenu alikuwepo. Anaweza kumweleza Baba mkubwa wake nani alikaa wapi, nani alitia sahihi, na walibishania nini usiku ule. Baba anaweza kumuuliza "akina nani?" na akapewa majina. Inawezekana pia akaeleza kasoro alizoziona, na hapo ninyi wengine ndio mtakaolazimika kusikiliza.

Ila hilo ni lake kutoa, si lako kumpangia. Muulize kama angependa. Akisema hataki kukaa na Baba mkubwa kwa sasa, mkubalie, na umpigie tena wiki ijayo kumsalimu tu.

Wako,
Shangazi